Gesi na mtungi wako wa kilo 6

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi. Uliuliza mbona maji hutulia chini ya chupa na gesi hujaa chombo kizima. Kwa kuwa umeshanunua mtungi wa kupikia huko Malindi, nitakueleza kwa huo huo.

Molekuli za maji, yaani chembe zake ndogo mno, huvutana, zikateleza bila kuachana. Za gesi zina mbio zinazoushinda mvuto huo. Molekuli ya propani, mojawapo ya gesi za kupikia, kwa joto la huko kwenu, hukimbia karibu mita 400 kwa sekunde, na haigeuki mpaka igonge nyingine au ukuta. Mapigo hayo ukutani ndiyo presha. Pasipo ukuta, hakuna cha kuirudisha.

Mtungini mna kimiminika, na juu yake mvuke. Ukipika, mvuke hutoka, na kimiminika huchemka kujaza pengo. Ndiyo maana moto hubaki vilevile hadi karibu na mwisho, usijue kimebaki kiasi gani. Upime kwa mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake.

Gesi ikivuja, chombo chake sasa ni chumba chako. Ila isikudanganye ile kasi: molekuli hugongana mabilioni ya mara kila sekunde, kwa hiyo kuenea huchelewa. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni kwanza. Dirisha la juu halitoshi, fungua mlango. Chumba cha mita 3 kila upande kina mita 27 za ujazo. Gesi ikifika asilimia 2 ya hewa hiyo, yaani kilo moja hivi, cheche yatosha kukilipua. Pale sakafuni hatari hufika mapema zaidi. Ukinusa harufu usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Funga valvu, utoke.

Kila ukifunga kichwa cha jiko, paka povu la sabuni pale kinapoungana na mtungi. Mapovu yakivimba, kifungue utazame ule mpira wa duara: umepasuka, umekakamaa, au una mchanga (na kwa pwani yetu mchanga haukosi). Usikaze kwa spana kufidia mpira mbovu, utaukata. Kiberiti si kipimo cha uvujaji, hata wakikwambia wengine hufanya hivyo.

Na mtungi usilazwe. Ukilala hutoka kimiminika chenyewe, na lita moja yake huwa zaidi ya lita 200 za gesi.

Babako