Malalamiko kuhusu kadi za wateja kupitishwa mara mbili kaunta

Meneja Mkuu,
Supamaketi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAKESHIA KUPITISHA KADI ZETU KWENYE KIBODI YA DUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wateja wako tunaolipa kwa kadi hatukubaliani na namna kadi zetu zinavyoshughulikiwa kaunta.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mteja akishachomeka kadi kwenye mashine ya malipo ya kadi (POS), akaweka namba ya siri na risiti ikatoka, keshia huichukua kadi hiyohiyo na kuipitisha kwenye mfereji ulio ubavuni mwa kibodi yake. Malipo yameshakamilika, na benki haina haja na hatua hiyo. Kinachofanyika ni kuingiza namba ya kadi kwenye kompyuta ya duka ili jioni mhasibu alinganishe mauzo.

Mfereji huo husoma ukanda wa sumaku, ule mstari wa nyuma ya kadi, na ukanda huo hautoi namba peke yake. Unatoa jina, namba nzima, mwezi na mwaka wa kadi kuisha, na msimbo wa uhakiki ambao haujachapwa popote juu ya kadi. Chipu, kile kibati kidogo cha mbele ya kadi, hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, hivyo aliyenasa wa jana hana cha kuufanyia leo. Ukanda hutoa yaleyale mpaka kadi iishe muda. Atakayeingia kwenye kompyuta yako, awe fundi aliyeitwa kuitengeneza au mwizi aliye mbali, anaweza kuyanakili kwenye kadi tupu na kuitumia kwenye mashine zinazokubali ukanda. Mteja alichomeka chipu ili kuepuka hilohilo.

Kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa data za kadi, zinazolibana kila duka linalopokea Visa au Mastercard, zinakataza duka kuhifadhi data kamili za ukanda, tarakimu tatu za nyuma ya kadi au namba ya siri baada ya muamala kuidhinishwa, hata kama zimefungwa kwa usimbaji, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo. Na mhasibu wako wala hazihitaji. Risiti ya POS ina tarakimu nne za mwisho, namba ya idhini, kiasi na saa, na hizo zinatosha kulinganisha na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

La pili ni kauntabuku. Mtandao ukikatika, keshia huandika humo tarakimu 16 za mbele, tarehe ya kuisha na zile tatu za nyuma, eti malipo yakamilishwe baadaye. Hizo ndizo taarifa zinazotosha kununua vitu kwenye tovuti isiyodai msimbo unaotumwa kwenye simu ya mwenye kadi, na daftari linalala kaunta ambapo yeyote anaweza kulipiga picha. Mtandao ukikatika, mteja alipe taslimu au kwa simu, au aache mzigo. Kurasa zilizokwisha kuandikwa zichanwechanwe kwa mashine ya kukatia karatasi, zisiende kufungia maandazi.

Mashine zenyewe za POS zimefungwa kwa waya mfupi upande wa keshia, kioo kikimwelekea yeye. Mteja haoni kiasi kilichoandikwa, na kwa malipo madogo ya kugusisha, yasiyodai namba ya siri, hapo ndipo sifuri moja ya ziada inapopita. Matokeo mengine ni wateja kutaja namba ya siri kwa sauti ili keshia awabonyezee! Mashine ije kwa mteja, asome kiasi kwanza, ndipo aguse au achomeke mwenyewe. Kamera iliyo juu ya kaunta nayo igeuzwe, maana kwa ilivyo sasa inaangalia vitufe.

Mashine ikisema muamala umekataliwa, keshia asirudie kabla ya kuchapa karatasi inayoonyesha hivyo na kumpa mteja. Kama pesa zimekatwa mara mbili, muamala wa ziada ufutwe kwenye mashine hiyohiyo kabla haijafungwa hesabu za siku. Ikishafungwa inakuwa kazi ya kurejeshewa kupitia benki, na hapo mteja anasubiri siku kadhaa.

Tunaomba pia makeshia wakague mashine kila asubuhi kabla ya kufungua: namba ya utambulisho ilingane na orodha ya duka, tundu la chipu lisiwe na kitu kilichopachikwa, lakiri isiwe imekatwa. Anayejitambulisha kuwa fundi wa benki asiiguse mpaka benki ipigiwe, kwa namba mliyo nayo ninyi, si anayoitoa yeye.

Tunataka majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yakieleza lini mifereji ya kibodi itazimwa na data zilizokwisha kukusanywa zitafutwa vipi. Tusipoyapata, tutaiandikia benki inayomiliki mashine zako, pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022.

Wako,

Wateja wanaolipa kwa kadi
(majina na saini zimeambatishwa)