Mdogo wangu, ile kaniki usiitupe

Mdogo wangu mpenzi,

Tangu Jumapili tulipofungua kasha la bibi sijatulia. Doti za kanga ulizikunja moja moja, ukazifukiza udi. Kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, ukaishika kwa ncha za vidole, ukaiweka upande wa kutupwa. "Kaniki ndiyo mwendo wake," ukasema, watu wakacheka. Nikanyamaza, maana nyumba ilikuwa imejaa wageni.

Sasa nisikilize. Unguja ya zamani, nguo ilimsemea mtu kabla hajafungua kinywa. Watumwa walivaa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyopata jina hilo kwa kuletwa na merikebu za Marekani kutoka Salem, Massachusetts. Wanawake waliitia nili mpaka ikawa nyeusi, ndiyo kaniki. Watumwa wanaume hawakuruhusiwa kuvaa kofia.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria. Lakini uhuru haukuletwa mlangoni: mtu alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba. Na masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Miaka 12, mdogo wangu! Nikifika hapo moyo huniuma kila mara.

Waliotoka mashamba wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Walipoanza kushika pesa za kibarua chao, wanaume walinunua kanzu na kofia, wanawake wakanunua kanga. Fikiria mwanamke aliyevaa nyeusi ile ile tangu utotoni, leo anasimama dukani anachagua: hii maua yake madogo, ile pindo lake limenipendeza. Kanga zilichapwa Ulaya, Manchester na Uholanzi, lakini mwenye kuamua alikuwa yeye. Mtindo ukishamchosha, mzigo mzima ulimwozea mfanyabiashara dukani. Maneno ya kanga hizo yalikuwa bado kwa herufi za Kiarabu.

Vita vya 1914 vilifika hadi bandarini kwetu. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji. Huko bara, walikotawala Wajerumani, walipozingirwa baharini, nguo ziliadimika hadi watu wakarudia kusokota na kufuma pamba wenyewe.

Na buibui unalodhani limekuwapo tangu enzi na enzi lilienea miaka hiyo hiyo. Lamu, mabibi wakubwa walikuwa wakitembea ndani ya shiraa, turubai lililobebwa na watumwa. Watumwa wakaondoka, nani abebe tena? Likaja buibui, na walioachwa huru nao wakalivaa. Njiani hukuweza tena kujua nani bibi, nani aliyekuwa mtumwa wake.

Sisemi bibi yetu alikuwa mtumwa. Kaniki yake aliivaa shambani, akipalilia mihogo. Lakini aliiweka chini kabisa ya kasha, imekunjwa kama doti mpya, na karafuu ndani yake.

Ijumaa baada ya swala nitapita kwako. Kanga gawaneni na mawifi. Mimi nipe kaniki.

Dada yako