Kikombe chenye uzi mwekundu

Moshi, Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Rehema,

Bahasha yako niliichukua stendi Alhamisi, nikaifungua pale pale nje ya duka la Mangi, sukari niliyotumwa nikaisahau. Nashukuru kwamba baada ya miaka yote ya kupakwa hiki na kuogeshwa kile, umepata daktari aliyekutazama viwiko, magoti na nyuma ya masikio, akakwambia jina moja: soriasisi. Ila ulipofika kwenye habari ya kikombe, mikono ilinitetemeka. Yaani wifi yako amekitenga, amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili watoto wasikosee? Na yule mama wa jumuiya kaja na Biblia, kafungua Mambo ya Walawi, sura ya 13, akakusomea mbele ya wageni! Unaniuliza: “Kwani kweli ni ukoma? Mbona kitabu kinaeleza kama wangu?”

Si ukoma, Rehema. Nalisema mwanzo kabisa ili ulale. Soriasisi haimwambukizi mtu, si kwa kikombe, si kwa shuka, si kwa kulala kitanda kimoja. Kinga ya mwili ndiyo inayoharakisha ngozi, ile inayojibadilisha kwa muda wa karibu mwezi mmoja ikawa inajibadilisha kwa siku chache, basi inarundikana na kubanduka. Mengine utayasikia kliniki. Mimi nina deni la swali lako la pili, maana lina ukweli ndani yake: kitabu kweli kinaeleza kitu kama chako. Kosa liko kwenye neno, na neno hilo nimelifuatilia kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kuniponza. Nitafika huko.

Neno ni *lepra*. Kwa Kigiriki cha kale ni neno la jikoni tu, linatoka kwenye *lepein*, kumenya au kubambua, na ndugu yake *lepis* ni gamba, la samaki au la chochote. Waganga wa shule ya Hippocrates, yule tabibu wa Kigiriki wa kale, walipotaja *lepra*, walimaanisha ngozi iliyoota magamba. Katika yale maneno yao mafupi ya hekima wanaiorodhesha pamoja na vipele na mabaka mengine yanayomtoka mtu majira ya kuchipua majani. Ugonjwa unaokuja na majira, shoga, huo si ukoma.  Ulikuwa ugonjwa wa kujivua gamba (usicheke, siongelei siasa za CCM za 2011).

Ukoma wenyewe, huu wa kufa ganzi na kupoteza vidole, Wagiriki waliufahamu baadaye, na jina lake lilikuwa jingine kabisa: *elephantiasis*, ugonjwa wa tembo, kwa jinsi ngozi inavyokuwa nene na yenye makunyanzi. Basi majina mawili kwa magonjwa mawili, kila mtu na lake.

Walioanza kuyachanganya walikuwa watu wa kazi yangu, watafsiri. Karne ya 3 kabla ya Kristo, kule Alexandria, Wayahudi walikuwa wanaigeuza Torati kwa Kigiriki, wakafika kwenye neno la Kiebrania *tsaraath*. Sasa hebu fungua hiyo Walawi 13 mwenyewe, uisome taratibu bila mama wa jumuiya kukukalia kichwani. *Tsaraath* inampata mtu, lakini mstari wa 47 inapata nguo ya sufu au ya kitani. Sura ya 14 inapata nyumba! Kuhani anaitwa kutazama ukuta wenye mabonde ya rangi ya kijani au nyekundu. Ukuta na ukoma wapi na wapi? Hiyo ni fangasi na unyevunyevu, kama ule wa chumba chetu cha bweni kila masika. Halafu soma 13:13, ambayo nina hakika hakukusomea: mtu akienewa mwili mzima, akawa mweupe wote, kuhani amtangaze kuwa *safi*. Hapakuwa na suala la maambukizi pale. Ilikuwa habari ya usafi wa ibada, nani akaribie hema na nani asubiri.

Wale wazee wa Alexandria walihitaji neno moja la Kigiriki kwa kitu hicho kipana, wakachukua *lepra*. Siwalaumu. Ngozi inayobanduka, neno la kubanduka. Hata mimi ningefanya vile vile. Kwa Kiebrania Miriamu, dada yake Musa, alipatwa na *tsaraath* “kama theluji”, basi. “Mweupe” ni neno lililoongezwa na baadhi ya watafsiri baadaye. Huenda msemaji hakufikiria rangi hata kidogo, alifikiria vile theluji inavyoanguka vipande vipande vyepesi. Nikiwa dirishani hapa mlima ukifunguka asubuhi naiona theluji ya Kibo, imetulia tuli, haisaidii kuelewa. Kilichonisaidia ni barua yako, pale uliposema umeacha kuvaa gauni jeusi kwa sababu ukisimama kanisani mabega yanaonekana kama umemwagiwa unga.

Lakini neno likishaingia kwenye kitabu kitakatifu halitoki hivi hivi. Mtakatifu Yeronimo, mwishoni mwa karne ya 4, akaliacha lilivyo kwenye Kilatini chake. Kwa hiyo *lepra* ikawa na vitu viwili mgongoni: magamba ya waganga na najisi ya makuhani. Ukoma bado ulikuwa nje, na jina lake la tembo.

Ukaingizwa kwa mlango wa Kiarabu. Waganga Waarabu walikuwa na mpangilio mzuri kuliko wa Ulaya: *judham* ni ukoma (mabibi wa pwani wanajua, ndiyo jedhamu), *baras* ni ile ya mabaka meupe. Na walikuwa na *daa al-fil*, ugonjwa wa tembo, lakini wao walimaanisha mguu uliovimba ukawa kama wa tembo. Wewe ni mtu wa Tanga, sina haja ya kukueleza matende. Karne ya 11 wakatokea watafsiri kule kusini mwa Italia, Salerno na monasteri ya Monte Cassino, maarufu wao akiwa Constantinus Mwafrika, mtu wa upande wa Tunisia. Vitabu vya Kiarabu vikaanza kumiminika kwa Kilatini. Fikiria tatizo lao: ukitafsiri “ugonjwa wa tembo” neno kwa neno, unapata *elephantiasis*, na kumbe hiyo sasa ni matende. Kiti kimeshakaliwa. Ukoma ukalie wapi? *Judham* ikaishia kuitwa *lepra*.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ugonjwa unaoambukiza na kulemaza ukavishwa jina ambalo tayari lilikuwa na najisi ya Walawi, na kila mwenye magamba akabaki humo humo ndani ya jina. Mtaguso wa Laterano wa 1179, mkutano mkuu wa maaskofu, unazungumzia wakoma kuwa na makanisa na makaburi yao, kwa kuwa hawaruhusiwi kukaa na wazima. Wangapi kati yao walikuwa na viwiko kama vyako, hakuna wa kuwahesabu.

Kulirudisha neno kulichukua muda, na kidogo kulikoroga zaidi. London, kwenye zahanati ya maskini ya Carey Street, alikuwapo daktari Robert Willan. Kuanzia 1798 alitoa kitabu chake cha magonjwa ya ngozi kwa sehemu, akiyapanga kwa yanavyoonekana kwa jicho. Fungu la magamba lina majina ambayo ungeyapenda: *pityriasis*, kutoka neno la Kigiriki la pumba, *ichthyosis*, kutoka neno la samaki, *psoriasis*, kutoka neno la muwasho. Ndilo hilo daktari wako alilolitamka bila ile *p*. Na la nne? *Lepra*! Willan alitaka kuwarudia Wagiriki, kwa hiyo mabaka ya mviringo yenye magamba, yaani soriasisi tupu, akayaandika *lepra*, huku mtaani kila mtu akisikia ukoma. Mpaka 1841 kule Vienna, ndipo Ferdinand von Hebra alipoling'oa neno hilo kwenye soriasisi. Mwaka 1873 Mnorwe Armauer Hansen akamwona bakteria wa ukoma kwa hadubini, mjini Bergen, ikawa ukoma ni ule wenye yule mdudu, kwisha. Leo ukoma una dawa, mtu anapona. Brazili walichoka na neno *lepra* kiasi kwamba mwaka 1995 walipitisha sheria ya kuliondoa kwenye nyaraka za serikali, ugonjwa ukaitwa kwa jina la Hansen.

Sasa deni langu. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kipeperushi cha soriasisi nikigeuze Kiswahili. Usiku, nimechoka, nikaandika: “ugonjwa wa ngozi unaofanana na ukoma lakini si ukoma.” Nikajiona nimeeleza vizuri. Muuguzi mmoja wa makamo, miwani puani, aliusoma mstari huo mara mbili, akachukua kalamu yangu akaukata. “Binti,” akasema, “mtu akifika kwenye neno hili, hilo ‘lakini si’ halisomi tena.” Nilinuna mpaka jioni. Sasa nikimwona wifi yako na uzi wake mwekundu, najua ni mstari wangu ule ule.

Nimeletewa kipeperushi hicho upya, na bado sina neno. “Soriasisi” watu wanalitazama tu kama jina la mji wa mbali. “Mbalanga” ni mabaka yaliyofifia rangi, si yako. “Ukurutu” ni kingine. “Mba” inakaribia, lakini watu wataenda kununua shampuu. Nimeandika “magamba ya ngozi” kwa penseli, siridhiki. Muulize bibi yako wa Pangani, wenyewe zamani walikuwa wakimwitaje mtu mwenye ngozi kama yako, kabla hajaja mtu na kitabu. Nipigie kabla ya Ijumaa, kinakwenda kuchapwa.

Pasaka nitashuka Tanga. Msalimie shemeji na watoto, na wifi pia, msalimie tu. Kile kikombe usikitupe wala usiufungue uzi. Mwambie wifi nitakinywea mimi chai, na aje aitie mwenyewe.

Wako,
Neema