Pumba tunawapa nguruwe, watoto tunawapa sembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nichangie mjadala wa udumavu katika mkoa wetu wa Iringa. Kusemwa tumeshazoea. Kila takwimu za lishe zikitoka, sisi ndio tunaotajwa mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano hapa Iringa, 57 wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Njombe na Rukwa wanatufuata kwa karibu, kwao ni kama nusu ya watoto. Na hiyo ndiyo mikoa inayojaza malori ya mahindi yanayokwenda Dar es Salaam. Viongozi wakija kwenye maadhimisho husema tuna chakula tele ila wanawake wetu hawana elimu ya lishe, wanapiga picha na mama aliyeshika kikombe cha uji, wanapanda magari yao wanaondoka.

Mimi si daktari wala ofisa lishe. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Mafinga, na mahindi ya hao watoto wanaohesabiwa hupita kwangu kabla hayajafika jikoni. Ndiyo maana nadhani nina la kusema.

Mahindi ya dona yanaingia moja kwa moja kwenye kinu cha kusaga, basi. Ya sembe yanaanzia kwenye kinu cha kukoboa, na wateja wengi hawaridhiki yakipita mara moja. "Rudisha tena, bado yana manjano," wananiambia. Hayo manjano ndiyo ninayotaka kuyazungumzia. Chukua punje ya hindi uitazame upande ule uliokuwa umeshika gunzi. Kuna kipande laini kimelala ubavuni, rangi yake imefifia. Hicho ni kiini, ndimo mche unamochipukia. Kwa uzito ni kama sehemu moja ya kumi ya punje, lakini sehemu kubwa ya mafuta ya hindi imo humo, na madini mengi yamo humo pia, chuma na zinki vikiwemo, pamoja na vitamini za kundi B. Ganda la nje lina nyuzinyuzi. Kinachobaki katikati, kile cheupe mnachokililia, karibu chote ni wanga.

Mteja wa sembe analipa mara mbili, kukoboa na kusaga. Akileta gunia la kilo 100 anaondoka na kilo sabini na kitu za unga. Zilizobaki ni pumba, na kiini kimo humo. Wengine wananiachia, wengine wanabeba wakawauzie wafuga nguruwe. Nguruwe wa Mafinga, Mhariri, wana afya nzuri kweli. Nami nikiwa mkweli, pumba ni sehemu nzuri ya kipato changu, hasa miezi ile chakula cha mifugo kinapopanda bei. Siandiki haya kwa faida yangu.

Mbona basi watu hawataki dona? Wanaosema ni ujinga hawajakaa mashineni. Kwa wengi wetu dona ni chakula cha bweni, cha jela, cha mwaka wa njaa. Mama mmoja aliniambia wazi kuwa hawezi kuwapikia wakwe zake dona, wataona ameishiwa. Na si mara zote mama ndiye anayeamua. Gunia linakuja na bodaboda, limetumwa na baba, na agizo limeshatolewa: koboa. Sababu ya pili ni ya biashara. Kwa kuwa dona ina mafuta ya kile kiini, inachacha. Ikikaa wiki kadhaa, hasa penye joto, inanuka na ugali wake unakuwa mchungu. Sembe inakaa dukani miezi. Mfanyabiashara atapenda ipi?

Sababu ya tatu ni nzito, na ningekuwa mwongo nikiiruka. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu yanaota kuvu, na kuvu wengine huacha sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Kenya mwaka 2004 walikufa 125, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo ni kweli kwamba kukoboa kunaipunguza. Anayesaga dona ya mahindi mabovu anajitafutia matatizo. Lakini dawa ya hilo ianzie shambani na ghalani. Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Ondoa punje zilizobunguliwa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi kabla ya kuleta kwangu. Kujua kama yamekauka hakuhitaji kipimo cha bei: tia punje kiasi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa vizuri, iache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Na anayesema atakoboa mahindi mabovu halafu pumba ampe ng'ombe wa maziwa ajue kuwa sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo anayokunywa mtoto.

Sasa nije kwenye unga wa lishe, kwa sababu hapo ndipo nasikitika zaidi. Mama anakuja amebeba mfuko, amejinyima. Ndani kuna mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele, na karanga na soya kidogo kwa juu. Ameambiwa, au amesikia kwa jirani, kwamba vikiwa vingi ndivyo lishe inavyokuwa kubwa. Hebu tuhesabu. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele vyote ni nafaka, kundi moja. Mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji unataja makundi sita: nafaka na mizizi na ndizi za kupika, mikunde na karanga, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta. Mama huyu katumia hela ya aina sita za nafaka na bado yupo kwenye makundi mawili. Angenunua ulezi peke yake, hela iliyobaki akanunua mayai, mtoto angefika mbali zaidi. Soya nayo wengi wanaileta mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kuyeyusha protini, inatakiwa kuchemshwa au kukaangwa vizuri kwanza. Na karanga zikishasagwa pamoja na nafaka hazikai, mafuta yake yanachacha na hapo sumukuvu nayo haiko mbali. Mimi huwashauri wasage nafaka peke yake, karanga wazipondeponde nyumbani siku ya kupika. Wengine wananisikiliza. Wengine wananiona namtafuta mteja wa kurudi mara kwa mara.

Tena tusijidanganye kwamba dona ikirudi mezani mambo yamekwisha. Hindi hata likiwa zima lina mapungufu yake. Protini yake haina lisini ya kutosha, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili lazima uvipate kwenye chakula, ndiyo maana makande yetu ya mahindi na maharage ni chakula cha akili kuliko tunavyoyaheshimu, maana maharage yanaleta kile ambacho hindi limekosa. Na niasini yake, ambayo ni vitamini B3, imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Wenyeji wa Meksiko, ambao walilima mahindi kabla ya wengine wote, huyachemsha kwanza na chokaa, ndipo niasini inafunguka. Mahindi yalipoletwa Afrika, chokaa haikuja nayo. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, hapo ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walikuwa wakilishwa mgawo wa mahindi. Karanga zilipokosekana kwenye mgawo, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Ngozi ya shingo na mikono inababuka, mtu anaharisha, wengine wanachanganyikiwa. Hawakuwa na njaa kwa maana ya tumbo tupu. Mahindi yalikuwepo.

Ndiyo hali yetu, kwa kiwango chake. Mtoto wa wilaya yetu ya Mufindi analala ameshiba. Ameshiba wanga uliotolewa mafuta na madini, amenyweshwa uji mwepesi mara mbili kwa siku wakati mwenye umri wa mwaka mmoja anahitaji kula mara tatu au nne, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Mama yuko shambani au kwenye chai tangu alfajiri, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka tisa. Mumwambie mama huyo tena kwamba hana elimu?

Na vile ambavyo vingefidia vimepanda gari. Maharage yanauzwa, njegere zinauzwa, mayai yanakusanywa trei kwa trei. Parachichi ndiyo usiseme, watu wameng'oa hadi mahindi wakapanda miti yake, na ni biashara nzuri, sipingi. Lakini nimeona kwa macho yangu parachichi zilizokataliwa na wanunuzi kwa kuwa na kovu kwenye ganda, zikimwagwa zizini kwa nguruwe. Parachichi moja iliyoiva ikipondwa kwenye uji inampa mtoto mafuta mazuri anayoyahitaji, na mafuta hayohayo yanasaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye mchicha au kwenye viazi lishe vya rangi ya chungwa. Kovu la ganda halina madhara kwa yeyote.

Kwa wakubwa nitasema machache, maana wanajua. Wateja wangu waliokutwa na kisukari wamerudi kwenye dona wenyewe, kwa agizo la daktari. Bibi mmoja, yeye hakuwahi kuondoka huko, kila akija ananisalimu "kamwene" halafu anasema, "Mwanangu, mimi usinikobolee. Sembe ukila asubuhi, saa tano njaa imerudi." Nyuzinyuzi hizo, bibi hajazisoma popote. Nyongeza nyingine ndogo: acheni kunywa chai ya rangi pamoja na chakula, inazuia chuma cha mboga na maharage kisifyonzwe. Subirini kama saa nzima. Najua naandika haya nikiwa wilaya inayoishi kwa chai.

Serikali nayo tangu mwaka 2011 ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani: chuma, zinki, asidi ya foliki. Ni jambo jema. Ila mashine ndogo kama yangu, ambazo ndizo zinazosagia vijijini, nyingi haziguswi na mpango huo, na mtu anayeleta debe lake la mahindi hanunui unga wa kiwandani. Tunavitoa virutubishi kwenye kinu kimoja halafu tunatafuta mtaalamu wa kuturudishia.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa kamati za shule. Wazazi wanachangia mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana, kisha shule inayaleta yakobolewe. Yaleteni yasagwe dona, kidogo kidogo, ya wiki moja kwa wiki moja, hayatachacha. Mtaokoa gharama ya kukoboa na mtabaki na zile kilo ishirini na zaidi za kila gunia ambazo sasa mnaniachia mimi. Hela hiyo nunueni mafuta ya alizeti au dagaa. Watoto wakilalamika rangi ya ugali, watazoea kabla muhula haujaisha.

La pili ni kwa maofisa lishe wa halmashauri. Nyie huja kliniki na kwenye mikutano ya hadhara, na kliniki wanaokuja ni akina mama tu. Mashineni hamji. Huku kuna baba, kuna kijana wa bodaboda, kuna bibi, kuna mpishi wa shule, na wote wanakaa juu ya magunia yao kungoja zamu bila kazi yoyote. Mtu akielezwa kiini ni nini huku hindi liko kiganjani mwake na kinu kinanguruma mbele yake, anaamua palepale. Jumamosi ndiyo siku ya foleni ndefu, kuanzia saa tatu asubuhi. Kiti nitatoa mimi.

Mwenye mashine,
Mafinga, Iringa