Taito Iliyoachwa Wazi: Kwa Nini Kazi ya "Karatasi Mbili" Ina Gharama

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Houston, tunapowaandalia wateja makaratasi ya kuhamisha umiliki wa magari, akatoa mfukoni taito, yaani hati ya umiliki wa gari, iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kusema kwamba tumekula pesa yake. Alikuwa ametulipa dola 85, ofisi ya kodi ya kaunti, inayoshughulikia uhamisho huo, ikamrudisha dirishani, na kwa maoni yake mtu anayejaza karatasi mbili hastahili kulipwa hata nusu ya kiasi hicho. Lawama hii tumeisikia mara nyingi mno tangu sheria ilipobadilika, na nimeona ni haki ya wateja wetu kuelezwa kwa maandishi kazi hii ni ipi na hasara huanzia wapi.

Kile ambacho Wakenya hukiita logibuku, Watanzania kadi ya gari na ndugu zetu wa Kongo karte roze, hapa Texas ndicho taito. Nyuma yake kuna nafasi ya jina na anwani ya mnunuzi, tarehe ya kuuziana, maili zilizosomwa kwenye odomita, na sahihi za pande zote mbili. Taito ya kijana huyu ilikuwa na sahihi ya mwenye gari peke yake, yaani iliachwa wazi. Mwenye gari alimwuzia mtu wa kwanza, huyo akamwuzia wa pili, na wa pili akamwuzia kijana wetu katika maegesho ya duka, wala hakuna kati yao aliyejiandikisha. Kwenye nafasi ya maili mtu alikuwa amepaka wino mweupe wa kufutia na kuandika tarakimu nyingine juu yake. Ukiiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, tarakimu ya zamani inaonekana waziwazi. Taito iliyofutwa namna hiyo huhesabika kuwa imeharibika. Tulimweleza hayo siku ya kwanza, tukamwomba asubiri tumtafute mwenye gari, lakini alichukua makaratasi yake akaenda dirishani mwenyewe.

Najua kwa nini alikuwa na haraka. Kuacha taito wazi kulikuwa kosa hata zamani, ila zamani mtu aliweza kuzunguka mjini miezi mingi kwa namba za gari za muda za karatasi, nyingine za halali na nyingine zilizouzwa na matapeli. Biashara hiyo chafu ilileta maafa: Novemba 2022, Brandon Tsai, afisa wa polisi wa mji wa Grand Prairie, Texas, alifariki katika ajali akilifukuza gari lililoshukiwa kuwa na namba bandia ya karatasi. Mwaka 2023 Bunge la Texas lilipitisha mswada namba 718, na kuanzia 1 Julai 2025 namba nyingi za karatasi zikaondolewa. Muuzaji mwenye leseni sasa hukukabidhi namba za chuma siku ya kununua, na maombi ya taito analazimika kuyatuma kwa mfumo wa kielektroniki wa serikali. Anayenunua kwa mtu binafsi hana maficho tena: taito isipohamishwa, hapati namba, na gari linabaki kwenye maegesho ya nyumba huku siku zikihesabiwa.

Siku hizo ni 30. Zikipita, faini huanza kwa dola 25 na kuongezeka dola 25 kwa kila siku 30 nyingine, hadi kufikia dola 250. Ada ya taito yenyewe ni dola 28 au 33 kulingana na kaunti, na kodi ya mauzo ni asilimia 6.25. Hapo ndipo njia ya mkato ya pili inapoingia, ya kuandika kwamba gari limeuzwa dola 500. Kaunti ina thamani yake ya kukadiria, na bei uliyoandika ikiwa chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, utatozwa kodi kwa hiyo asilimia 80, labda uwe na tathmini ya mtu aliyeidhinishwa. Kwa hiyo uongo huo haukuokolei chochote.

Wengine huomba tuandike kuwa gari ni zawadi ya familia, kwa kuwa zawadi hulipiwa dola 10 tu. Mwaka jana tulimhudumia mama aliyepewa gari na baba yake mdogo, akasisitiza kwamba huyo ni baba, na kwa desturi zetu alisema kweli. Sheria ya Texas, hata hivyo, inamtambua mume au mke, mzazi, mtoto, babu na bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa. Baba mdogo na binamu hawamo. Kiapo hicho hutiwa sahihi mbele ya mthibitishaji, na kudanganya ndani yake ni kosa la jinai. Tulikataa, akakasirika, na ningekataa tena leo.

Mwenye gari la kijana wetu hajapatikana hadi sasa, hivyo njia iliyobaki ni taito ya dhamana. Anaomba kwa idara ya magari ya jimbo kwa ada ya dola 15, kisha ananunua dhamana yenye thamani ya mara moja na nusu ya bei ya gari. Gari la dola 6,000 linahitaji dhamana ya dola 9,000. Halipi zote, hulipa ada ya kampuni ya dhamana, lakini kwa miaka 3 yeyote mwenye haki na gari hilo anaweza kudai fidia kwenye dhamana hiyo. Dola zetu 85 ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo, na kati yake tumeshapiga simu nyingi na kuandika barua mbili.

Kwa anayetaka kununua kwa mtu binafsi, mwombe muuzaji mkutane kwenye ofisi ya kodi ya kaunti, mtie sahihi taito na fomu 130-U, ile ya kuomba taito, palepale dirishani, kabla hujampa pesa. Hiyo haihitaji ofisi yetu hata kidogo. Muuzaji akikataa, tutumie picha za taito, mbele na nyuma, tuisome bila malipo kabla hujalipa.