Watoto wetu wasigeuzwe wakusanya michango

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wazazi tunalinong'ona langoni mwa shule lakini kwenye vikao tunanyamaza. Michango ya shule na ya timu za watoto imetuelemea. Kuchangia hatukatai. Ninachokipinga ni kumtanguliza mtoto mbele, yeye ndiye aombe, auze, adai na ahesabiwe.

Muhula haujashika kasi, mtoto anakuja na kadi ya mchango. Hiyo haijajaa, kocha anatuma ujumbe wa jezi na nauli ya mashindano. Zikipita, kinakuja kitabu cha tiketi za bahati nasibu, halafu fomu ya matembezi ya hisani. Mwenye watoto wawili watatu huyapokea yote kwa mkupuo, na watu wa kuwaendea ni walewale: ndugu, majirani, wenzake kazini. Nao wana watoto, nao wana kadi zao mkobani. Mimi nachangia timu ya mwanawe, yeye anachangia ya mwanangu, na mwisho wa yote kila mmoja amelipia wa kwake kwa njia ndefu.

Itazame kadi yenyewe. Ina mistari ya jina, kiasi na sahihi. Wa kwanza akiandika kiasi kikubwa, anayefuata huona haya kuandika alicho nacho, na mtoto amesimama hapo hapo akingoja kadi irudi mkononi. Huyo anayeandika anaweza kuwa na mgonjwa nyumbani au kodi ya nyumba inayomsubiri. Atakataaje mbele ya mtoto?

Kuuza bidhaa ndiko kunakoniudhi zaidi. Kampuni inaleta vitu, watoto wanavitembeza, na fedha zikikusanywa kampuni huondoka na sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu. Jirani anayenunua kitu asichokihitaji ili asimvunje moyo binti yangu angeipa shule nusu ya fedha hizo moja kwa moja, shule isingepungukiwa na yeye angebaki na nusu yake. Sijaelewa kwa nini njia hii bado inaitwa msaada kwa shule. Na sijagusa hatari ya mtoto kubisha hodi peke yake kwenye nyumba za watu asiowajua.

Kisha kuna zawadi. Aliyeuza kidogo anapewa kalamu, aliyeuza sana anapewa kitu cha kutamanisha, na majina yanasomwa mstarini asubuhi. Kinachopimwa pale si juhudi ya mtoto. Mzazi mwenye wafanyakazi wengi chini yake huipeleka kadi ofisini ikarudi imejaa. Mama wa vibarua hana pa kuipeleka. Binti yangu aliniuliza kama ataondolewa kwenye timu kwa kuwa kadi yake ilikuwa na mistari mitupu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliona tu nani wanaitwa mbele wakapigiwa makofi, akajijibu mwenyewe.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema elimu ya msingi iwe bure. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umerudia hilo katika Ibara ya 28, na Ibara ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mpira wa shule ni sehemu ya hiyo haki. Najua bajeti hazitoshi, na najua makocha wengi wanajitolea bila malipo. Hao nawaheshimu sana. Lakini pengo la bajeti ni la kupelekwa kwa serikali na bodi ya shule, kwa maandishi, tena na tena. Wazazi tukiliziba kimyakimya kila muhula, wanaopanga bajeti hawatakuwa na sababu ya kulitazama.

Panapolazimika kuchanga, tuambiwe mwanzoni mwa mwaka: mahitaji ni haya, gharama ni hii. Anayeweza atoe mara moja, kwa siri, bila orodha ya majina na viwango kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Asiye na fedha akajitolee kupaka rangi au kufua jezi. Mtoto asinyimwe mechi wala safari kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake. Na hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni kila mtu aisome, maana mara nyingi tunaombwa mchango mpya kabla hatujajua wa zamani ulifanya nini.

Nimeshamwandikia mwalimu mkuu wa shule yetu kuomba hesabu ya mchango uliopita, na nimeomba suala la watoto kuuza bidhaa liwe ajenda katika mkutano ujao wa wazazi. Wenzangu mnaolalamika langoni, siku hiyo njooni mlisemee ndani.

Mzazi