Mkono ule kwenye taya

Bwana Mhariri,

Juma lililopita mlichapa makala ya kusifu matangazo ya mashine za michezo ya video, na mojawapo lilikuwa lile la PSP nyeupe (PlayStation Portable, mashine ya mkononi ya kampuni ya Sony) lililobandikwa Uholanzi mwaka 2006. Mwandishi wenu ameliita tangazo la ujasiri, akaongeza kwamba waliokasirika hawakuelewa sanaa. Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Nimechora kuta za vinyozi, maduka ya dawa, baa na vyumba vya michezo kwa miaka mingi, na tangazo hilo nalijua vizuri, maana niliwahi kuombwa nilichore.

Kwa ambaye hakuliona: kuna wanawake wawili. Mmoja ni mzungu mwenye nywele nyeupe na nguo nyeupe, amekaza uso. Mwenzake ni mweusi, nguo zake nyeusi. Yule mzungu amemkamata mweusi taya, vidole vimebana mashavu. Maandishi yanasema nyeupe inakuja. PSP ilikuwa imetoka kwanza ikiwa nyeusi, na Sony sasa ilikuwa inaleta ya rangi nyingine. Habari yote ilikuwa hiyo tu, mashine ileile na ganda jipya.

Tatizo linaanzia kwenye wazo lenyewe. Mteja akisikia ganda limebadilika rangi, anachotaka ni kuliona hilo ganda, lilivyong'aa, litakavyokaa mkononi mwake. Waliobuni tangazo hili waliichukua rangi ya plastiki wakaivika ngozi za watu, halafu wakawagombanisha hao watu. PSP nyeusi na PSP nyeupe hazina ugomvi wowote, zinakaa rafu moja dukani. Ugomvi wametafuta kwetu sisi.

Halafu njoo kwenye uchoraji wake, na hapo ndipo naumia zaidi kwa sababu ni kazi yangu. Mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa hana muda wa kusoma ukuta. Jicho lake linakwenda kwanza kwenye macho ya aliyechorwa, kisha kwenye mikono, na maandishi huyafikia mwisho, kama anayafikia. Mkono mwanangu nikimfundisha kuuchora namwambia aamue kwanza unafanya nini: unatoa, unaomba, au unakamata. Mkono wa tangazo lile unakamata. Mpaka mpita njia afike kwenye neno PlayStation, ameshaambiwa jambo lingine kabisa.

Sony ilijitetea kwanza kwamba ilitaka kuonyesha tofauti kati ya mashine nyeusi na nyeupe. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mfululizo ule ulikuwa na picha nyingine ambamo mwanamke mweusi ndiye aliyekuwa na nguvu. Bwana Mhariri, ukuta hauna kurasa. Anayepita anaona picha iliyo mbele yake, haambiwi arudi kesho aone jibu. Mwezi Julai wa mwaka uleule kampuni iliondoa tangazo, lakini ikaeleza kwamba lilikuwa la Uholanzi tu na kwamba huenda limewaudhi watu wa nchi ambazo halikuwahusu. Uholanzi hiyohiyo ilishikilia watumwa katika koloni lake la Suriname hadi 1863! Na sisi wa Lubumbashi si wageni wa mashine zile. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za lithiamu-ioni, za kuchajiwa kama ile ya PSP, mwaka 1991, na kobalti ilikuwa ndani yake. Kobalti nyingi kuliko zote duniani inachimbwa huku kwetu Katanga.

Tena mji huu unajua kusoma picha ya namna ile. Shikulu wangu, yaani babu, alikuwa na mchoro wa Colonie Belge, picha ya enzi za ukoloni wa Wabelgiji, kule Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ameutundika juu ya redio: mfungwa amelala chini, askari ameinua fimbo, bwana mzungu amesimama pembeni anatazama. Wachoraji wa hapa, Tshibumba Kanda Matulu mmoja wao, walichora picha za aina hiyo kwa wingi miaka ya 1970, na watu waliziweka sebuleni ili watoto waulize. Shikulu alipotueleza alianza na mkono wa askari. Mchoro ule ulisema: tulitendewa hivi. Tangazo la PSP limechukua tendo lilelile na kusema: linakuja, nunua.

Kijana aliyeniomba kazi alikuwa amefungua chumba cha michezo, televisheni mbili, maneti nne za kushika mkononi na kuchezea, moja imefungwa kwa plasta. Alinionyesha picha kwenye simu, akataka niichore kwenye ukuta unaotazama barabara kwa sababu, alisema, ni ya kampuni yenyewe. Nilikataa. Nikampa wazo la watoto wawili wamekaa bega kwa bega, macho kwenye kioo, mmoja ametoa ulimi pembeni ya mdomo kama wanavyofanya wakikaribia kufunga goli. Hakulitaka, akampa kazi mwingine. Baada ya siku chache niliona watoto mbele ya ukuta ule. Mmoja aliye maji ya kunde alimkamata taya mwenzake mweusi zaidi, anamsukuma kichwa nyuma, anasema, "Mimi ndiye nyeupe." Yule wa pili hakucheka. Alisimama tu, mikono imelegea, akingoja aachiwe.

Sipingi ujasiri katika matangazo. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imepiga filamu fupi ya PlayStation 2 kule Rio de Janeiro, maelfu ya watu wanapandiana mpaka wanakuwa mlima, kila mmoja anataka kufika kileleni. Mwaka 2004 ilichukua tuzo kubwa ya filamu kwenye tamasha la matangazo la Cannes, na ilistahili. Pale kuna msukumano, kuna vurugu, lakini ukiitazama unaelewa mara moja kucheza ni nini na kwa nini mtu hataki kuachia maneti.

Naomba msahihishe lile neno "hawakuelewa". Na mkichapa tena makala kuhusu matangazo, tafadhali mtuulize na sisi tunaoishi na kuta hizi.

Mchoraji wa vibao,
Katuba, Lubumbashi